PDF, Kisima cha Tarbaj na Jibu Lako

Galbet, Garissa
Jumamosi, baada ya magharibi

Mwanangu Wakesho,

Umetoka kwenda kumuaga habaryar Halima, mama yako mdogo wa Kisomali, na jirani yetu huyo namjua: hatakuachilia mpaka ule, unywe chai, ule tena, halafu alie kidogo na kukufungia maziwa ya ngamia kwenye chupa itakayomwagika ndani ya begi lako kabla hujafika Mwingi. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mezani petu, upande wako, kwa sababu upande wangu umejaa nguo zako.

Jana uliniuliza swali, nami nikajifanya nakwenda kuangalia kama sufuria imeungua. Ulisema, kwa lile neno la Kisomali unaloniitia mama, "Hooyo, sema tu nibaki, nitabaki. Chuo kitaningoja mwaka mmoja." Sufuria haikuwa imeungua. Nilikusikia vizuri, na neno lilikuwa limefika hapa kooni, ila nililimeza kwa sababu sikujua likitoka litakuwa lipi. Kesho alfajiri basi linaondoka na wewe bado hujajibiwa. Barua hii ni ya kukujibu, lakini utanivumilia kwanza. Wewe mwenyewe husema kwamba mimi nikiulizwa saa ngapi, huanza kueleza saa inavyotengenezwa.

Mambo ya blanketi, ya neti ya mbu, ya kula kabla ya kwenda darasani, nayapita. Una akili zako. Usipofunga dirisha utanyeshewa, na ukishanyeshewa utalifunga. Huko chuoni Kisumu kuna mvua, si kama huku kwetu ambako mtu huacha kila kitu wazi akiomba kaupepo.

Wazazi wengine hapa huwaachia watoto ngamia. Kwetu Taita huwaachia kipande cha mteremko chenye mawe. Mimi sina ngamia wala mteremko. Nilichokurithisha ni ugomvi wangu na faili za PDF, na umeurithi mapema, maana hujamaliza hata shule ya msingi ulikuwa umeshajua kuitukana kompyuta kwa Kisomali. Nilikuwa nakukemea huku nikiyakariri hayo matusi, kwa sababu Kiswahili hakina yanayotosha.

Ulikuwa darasa la pili baba yako alipofariki. Tulimzika kwao Mwatate, na ndugu wakaniambia nisirudi huku kwenye joto, nibaki nao, huko watu wananijua. Nikafikiri: nikibaki hapa nitaitwa mjane mpaka nizeeke. Garissa hapakuwa na mtu anayenijua kiasi cha kunihurumia kila akiniona. Tukarudi, wewe na mimi na godoro letu, nikaendelea na kazi kwenye lile shirika dogo la maji. Kazi yenyewe unaifahamu: kila kisima, kuanzia huku mpaka Wajir na mbele yake, hutuma ripoti, nami nazikusanya ziwe jedwali moja ili gari la maji na fundi wa pampu wajue waende wapi. Huyu anatuma lahajedwali, yule anatuma PDF, mwingine amepiga karatasi picha akiwa ameilaza kwenye goti. Mwanzoni nilinakili kwa mkono, namba baada ya namba, na nikifika nyumbani nakukuta umelala kwa Halima na viatu miguuni. Ndiyo maana nilijifunza kuandika programu. Sikuwa na ndoto ya kuwa fundi wa kompyuta. Nilitaka nifike mapema nikuvue viatu mwenyewe. Nikasoma kwenye mtandao, kwa Kiingereza nilichokuwa nimeanza kukisahau, nikakosea, nikafuta, nikaanza upya.

Nilidhani lahajedwali ndizo zitakazokuwa rahisi. Zina safu na mistari, kila kitu kimekaa kwenye kisanduku chake. Kumbe kisanduku ni cha kompyuta, lakini anayekijaza ni binadamu. Bwana Noor, karani wa kisima kule Tarbaj, pampu ikiharibika alikuwa anaupaka mstari wake rangi ya njano. Haandiki popote kwamba imeharibika. Kwake njano ilitosha, na kwa yeyote mwenye macho ingetosha, ila programu yangu ilikuwa inasoma maneno na namba peke yake. Ikaniambia pampu zote ni nzima, na fundi akakaa Wajir akinywa chai. Namba za simu nazo zilinitoa jasho. Lahajedwali ikikutana na sifuri mwanzoni mwa namba inaimeza, maana kwa hesabu zake sifuri iliyotangulia haina kazi, na simu hiyo haiingii tena. Halafu kulikuwa na safu ya idadi ya mifugo, ambapo mmoja aliandika "kama arobaini" na wa chini yake akaandika "40 na punda".

Nilikusomea hiyo ya punda. Ukaniuliza punda wangapi, tukacheka mpaka ukapaliwa na chai, nikakupiga mgongo. Nimeikumbuka leo nikikunja sketi yako ya kijani, nikacheka peke yangu, halafu nikaona afadhali nikae chini kidogo.

PDF ni balaa lingine. Wewe ukiitazama unaona jedwali: hapa majina, hapa simu, na mistari myeusi katikati. Faili lenyewe halina habari hiyo. Linachojua ni kuweka herufi: hii ikae hapa, ile ikae pale, na mstari uchorwe katikati. Ni kama mtu aliyechora mlango ukutani; unapendeza, lakini usukume uone. Programu ikienda kuyatoa maneno huyatoa inavyoona yenyewe, na ile yangu ilikuwa inasoma kutoka kushoto hadi mwisho wa kulia, kisha inashuka, hata kama ukurasa umegawanywa safu mbili ambazo mtu angesoma ya kwanza mpaka chini ndipo aanze ya pili. Hilo la safu mbili ndilo lililonipeleka Tarbaj.

Unakumbuka nilisafiri, lakini ulikuwa darasa la sita na sikukueleza yote. Ilikuwa katika ule ukame ambao hata mwarobaini wa Halima ulipukutisha majani. Kisima cha Tarbaj kilikuwa bado na maji, na familia zikawa zinakisogelea na mifugo yao kutoka kila upande. Wazee wa kamati ya kisima wakakaa, wakapanga zamu za kunywesha, nani aanze na nani afuate. Bwana Noor akaichapa orodha. Alitaka itoshe kwenye karatasi moja ya kubandika ukutani, kwa hiyo akaigawa safu mbili. Namba hakuweka. Aliyeandikwa juu ndiye wa kwanza, na nani asiyelijua hilo? Akaigeuza PDF, akanitumia, ili programu yangu iipelekee kila familia ujumbe wa simu kuieleza siku yake.

Programu ikasoma jina la kushoto, ikarukia la kulia, ikarudi kushoto. Majina yakatoka yamevurugika. Niliyatazama nikaona hayana mpango wowote, na hapo ndipo nilipopaswa kumpigia Bwana Noor. Sikumpigia. Jua lilikuwa linazama, nilitaka kurudi kwako, na tena mimi napenda kitu kinyooke, si unaona hata nguo zako nimezifunga kwa rangi. Nikayapanga majina kwa alfabeti. Yakapendeza sana. Nikayapa siku zake, nikabonyeza, ujumbe ukaenda, nami nikaja nyumbani mapema, nikakusuka nywele pale barazani huku ukinisimulia habari za mwalimu wenu wa hesabu. Nilikuwa na furaha siku ile, Wakesho, nakuambia kweli.

Kwa alfabeti, kina Abdi wote waliwekwa siku ya kwanza, na kaskazini hii kina Abdi hawana idadi. Wa mwisho kabisa akawa mwanamke anayeitwa Zeinab. Wazee walikuwa wamemweka wa kwanza, kwa sababu ngamia wake walitoka mbali kuliko wote na hakuwa na wa kumsaidia ila binti zake. Zeinab alifika siku aliyopewa na wazee, akakuta watu wamejaa na simu mkononi. Waliokuwa wanafuata karatasi ya ukutani walisema hivi, waliokuwa wanafuata simu wakasema vile. Fimbo ziliinuliwa. Wazee waliwahi kuingia katikati na hakuna mtu aliyeumia, lakini muda wote watu walipokuwa wakibishana, Zeinab alisimama na ngamia wake karibu na birika, wakiyanusa maji. Ndama wake mmoja alilala chini na hakuamka tena.

Bwana Noor alinipigia simu akiwa amekasirika hata salamu akaisahau, na yeye kwa salamu humwezi. Kesho yake nilipanda pikapu ya shirika. Njia nzima nilikuwa natayarisha maelezo, na yalikuwa maelezo mazuri, kuhusu safu mbili na jinsi faili lisivyojua kinachosomwa kwanza. Mzee Adan, mwenyekiti wa kamati, alinisikiliza akiwa amesimama kwenye kivuli cha chumba cha pampu. Hakunipa kiti. Nilipomaliza aliniuliza kwa Kiswahili chake, ambacho P kwake ni B.

"Mama, sisi tumekaa siku mingi, tumegombana, tumebanga. Wewe umekaa na nani?"

Sikukaa na mtu. Nilikaa na herufi. Nilikuwa nimeuona mpango wa watu, mpango uliowatoa jasho, nikadhani ni vurugu kwa sababu mimi sikuuelewa, nikauondoa nikaweka wangu ambao haukuwa na maana yoyote ila kupendeza. Mzee Adan hakungoja nijibu. Alimgeukia Bwana Noor akaanza kumfokea yeye, kwamba karatasi ya pili anaionea uchungu kama mali ya babake, na mimi nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Baadaye nilimtafuta Zeinab. Nilimkuta ameketi nje ya aqal, ile nyumba yao ya mikeka, na binti zake wakifungua mizigo. Nilianza kuomba msamaha kwa Kisomali changu ambacho wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Akanitazama weee, akanipa chai ya maziwa, akaniuliza yeye kwa Kiswahili chake.

"Wewe iko na mtoto?"

Nikamwambia ninaye mmoja, msichana, nimemwacha Garissa kwa jirani. Akaitazama njia, akanitazama mimi.

"Basi rudi," akasema. "Mtoto nangoja wewe."

Hakusema amenisamehe. Hilo sijalisikia kwake mpaka leo, na sikustahili kulidai. Ila amepoteza mnyama kwa kosa langu, na bado kilichomjia akilini ni kwamba kuna mtoto mahali fulani anaangalia mlango. Nililia kutoka pale mpaka Wajir. Dereva alikuwa na adabu, akafungulia redio.

Tangu siku hiyo nimeweka safu ya namba kwenye kila orodha, na sitoi ujumbe mpaka nimpigie aliyeiandika tusomeane majina yote. Ofisini wananicheka kwamba nina programu ya kuokoa muda halafu naumalizia muda kwenye simu. Wako sawa. Bwana Noor peke yake, kabla hatujafika kwenye jina la kwanza, lazima aniulize habari zangu, za mtoto, za joto, za mbuzi ambao anajua vizuri sina.

Sikuandikii haya ili uwe mwangalifu na PDF. Utakosea makosa yako, yatakuwa mapya kabisa, na mimi sitayaelewa utakaponieleza. Nakuandikia kwa sababu wiki hii nimekukosea kidogo kichwani mwangu na hujui.

Programu siku hizi ni yako kuliko yangu. Ulipokuwa kidato cha pili uliifuta nusu nzima bila kuniomba ruhusa, nikanuna, halafu nikaona ile nusu mpya inaiona hata njano ya Bwana Noor. Zile picha za karatasi zilizopinda, ambazo vikombe vya chai vimeziachia duara, ni wewe unayezinyoosha mpaka zisomeke. Macho yangu yamepungua. Nadhani ndiyo sababu ulisema ungebaki: umeniona nikisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta kama anayebusu. Una huruma, tena ya kupita kiasi, umeitoa kwa baba yako maana mimi sina nyingi hivyo.

Na ukweli wenyewe ni kwamba nataka ubaki. Nimelijua hilo tangu barua ya chuo ilipofika. Nilikushangilia, nikamwita Halima naye akapiga vigelegele, halafu nikaingia bafuni nikafungulia maji ili usinisikie. Hamu yako imenianza ukiwa bado uko nyumba ya pili. Nani ataingia hapa jioni aseme "Hooyo, nimechoka" kabla hajaweka begi chini, kana kwamba mimi ndiye niliyemchosha? Nani atanisahihisha nikikosea Kisomali mbele ya wageni, kwa ile sauti yako ya mwalimu mkuu? Nitapika ugali wa watu wawili, najijua. Nitaukuta asubuhi umekauka, nitampelekea Halima kwa kuku wake, na hao kuku watanenepa mwaka huu.

Basi kwa uchu huo nimekuwa nakupanga. Wiki nzima, nikitembea kwenda kazini, nakupanga. Ubaki mwaka mmoja, unyooshe programu, mimi nipate miwani. Baadaye utafute chuo cha karibu, hapa hapa Garissa, ulale kitanda chako, tule pamoja. Mpango umetulia, kila kitu kimepata mahali pake, hauna hata kona. Jana uliponiuliza nilikuwa nao tayari mdomoni. Kilichonirudisha jikoni ni lile swali la Mzee Adan. Umekaa na nani? Na wewe sikukaa. Nilikuwa nimechukua miaka yako nikaipanga inavyonipendeza mimi, halafu ningekuita uje ufurahi.

Leo nimefanya kinyume, nimekutazama. Nimeona kwamba uliponiuliza kama ubaki ulikuwa umeshafunga zipu ya begi la vitabu, na kufuli umeshatia. Nimeona umetafuta picha za ziwa la Kisumu kwenye simu, ukanionyesha moja na kuzificha nyingine kumi ili nisiumie. Nimekusikia asubuhi ukiimba ukifagia, na wewe hufagii, sembuse kuimba. Uliniuliza kwa upendo, mwanangu, lakini hukuuliza kwa kutaka. Mtu aliyekulea hawezi kukosa kuisikia tofauti hiyo.

Kwa upande wangu usiwe na wasiwasi. Miwani nitanunua. Programu ikigoma nitaitengeneza polepole, nikikutukana wewe badala ya kompyuta kwa ile nusu uliyoandika bila kunieleza. Nikishindwa nitakupigia, na ukiwa darasani usishike. Ila jioni shika. Kama huna la kusema niambie umechoka, inatosha.

Nasikia sauti yako na ya Halima hapo nje, anakusindikiza hatua tatu halafu mnasimama tena kuongea. Jibu lako basi: nenda. Nimeliandika, Wakesho, kwa sababu nikilisema kwa mdomo litatoka "baki", na wewe nimekulea ukawa mtoto wa kutii, utafungua begi. Kwa hiyo kesho pale stendi nishike mkono, niombee, nitanie ukitaka, lakini lile swali usiniulize tena.

Ni mimi,
Hooyo